Pelaverga ya Burlotto: nyekundu iliyokubaliana na joto la Malindi

Mjomba aliinua glasi akaitazama kwenye taa ya uani, akaigeuza huku na huku, akaiweka chini, akasema maneno mawili tu: "Mgema kasifiwa." Tulicheka wote, manake kweli ukiihukumu hii waini kwa macho utasema tembo limetiwa maji. Nyekundu gani hii ambayo unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi? Rangi yake ni ya juisi ya komamanga iliyochujwa mara mbili, si ile nyeusi ya zambarau tuliyozoea kwenye maboksi ya lita tano. Na mimi niliyekuwa nimeisifu wiki nzima nikaona haya kidogo, lakini nikamwambia mjomba kunywa kwanza, ukishamaliza ndo useme.

Basi hii hapa ndo rivyu yenyewe, na itakuwa ndefu manake leo niko ofu na nina mengi kifuani. Waini inaitwa Verduno Pelaverga. Verduno ni kijiji, Pelaverga ni aina ya zabibu, na walioitengeneza ni familia ya Burlotto, kwenye lebo utaona imeandikwa Comm. G.B. Burlotto. Ni Italia, mkoa wa Piemonte, kule kaskazini magharibi karibu na mji wa Alba, nchi ya Barolo, ile nyekundu yao nzito ya bei. Najua ukisikia Barolo mfuko unaanza kutetemeka, lakini hii si Barolo, hii ni mdogo wake anayetembea na ndara, na ntasema mapema nisije nikazunguka: kwa joto la hapa kwetu mimi namchukua huyu mdogo.

Mimi ni weita. Nimezunguka hoteli na mikahawa ya Waitaliano hapa Malindi miaka mingi, Casuarina huko na mjini, sitaji ni ipi na ipi manake kazi bado naitaka. Kiitaliano nimekijulia kazini kama wengine wote, hapa Malindi hilo si jambo la kujivunia, kijana wa biichi anaweza kukuuzia kinyago kwa Kiitaliano cha kunyooka na Kiingereza kikampiga chenga. Waitaliano wako hapa tangu miaka ya 60, walipokuja na ile kazi ya setilaiti kule Ngomeni, jukwaa la San Marco, wakaanza kurusha setilaiti kutoka baharini 1967, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa sababu iliruka siku ya sikukuu yetu. Babu yangu alikuwa mgema upande wa Gongoni na alikuwa akisimulia kwamba moja ya zile roketi ilimkuta yuko juu ya mnazi na kotama mkononi, akaona moshi unapanda baharini akajua dunia ndo basi, akakumbatia kilele mpaka ukaisha. Alishuka akauza tembo lake kama kawaida. Namtaja babu si bure, ntamrudia huko mbele.

Kwanza niseme kuhusu waini nyekundu na Malindi, manake hapa ndo penye shida na watu hawasemi.

Tunafundishwa kazini: nyeupe friji, nyekundu joto la chumba. Sawa. Chumba cha nani? Wazungu waliotunga hiyo sheria walikuwa wanaongea nyumba zao za mawe, huko chumba kina nyuzi 16, 17, 18 hivi, unavaa sweta ndani. Mimi nafungua chupa Januari, kaskazi imeshika, saa mbili usiku feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine, chumba kina nyuzi 29. Ukimimina nyekundu nzito kwenye joto hilo pombe inapanda puani kama spiriti ya jiko, utamu unakuwa kama wa jamu, na ukakasi unabaki kwenye ufizi kama umekula bibo bichi. Mteja anakunywa nusu glasi alafu anaagiza bia. Nimeona mara ngapi? Sihesabu. Na si kwamba waini ni mbaya, mara nyingi ni chupa ya maana kabisa, ila imeletwa mezani kama mchuzi. Nimewahi kumwambia bosi mmoja tuziweke hata dakika ishirini kwenye ndoo ya barafu akaniangalia kama nimemtukana mamake.

Kwa hivo hii Pelaverga ilipofika nilikuwa tayari nimeshakata tamaa na nyekundu zote, nikasema hiki ni kinywaji cha watu wa baridi, sisi tubaki na madafu.

Ilifikaje? Kuna mzee mmoja wa Torino anakuja kila mwaka Desemba, anakaa mpaka Februari, sote tunamwita Dottore ingawa sijawahi kumuona ameshika sindano, kule kwao ukisoma chuo tu tayari wewe dottore. Nimemhudumia miaka na miaka, najua anataka kahawa yake vipi na meza gani isiyopigwa na upepo. Mwaka huu akanivuta pembeni akanipa chupa mbili zimefungwa kwenye soksi. Soksi kabisa, za kuvaa. Alizibeba kwenye begi kutoka kwao, forodha inaruhusu msafiri lita mbili za waini na chupa mbili ni lita moja na nusu kwa hivo hakuvunja sheria ya mtu. Akaniambia hii ndo waini ya nyumbani kwetu ambayo hamuijui, msiinywe moto. Msiinywe moto! Nikasema kimoyomoyo, leo nimempata mwenzangu.

Sasa chupa ya kwanza niliiua mwenyewe. Nasema wazi ili usirudie. Ya pili niliiacha kwa Dottore kwenye chumba chake chenye eisi, hii ya kwanza nikaichukua nyumbani Muyeye nikaiweka juu ya friji, mahali pazuri mtoto hafiki, na sikufikiria kwamba juu ya friji ndo pahali pa moto kuliko pote jikoni pale, ukiongeza bati la nyumba mchana. Ikakaa wiki tatu. Siku ya kufungua naona kizibo kimesukumwa juu kidogo na lebo ina mchirizi. Nikaonja, ikawa kama maji ya tende zilizochemshwa zikasahauliwa, harufu hakuna, ladha ya kitu kilichopikwa. Mama watoto akaimimina kwenye mchuzi wa nyama, mchuzi ukawa mtamu ajabu, lakini huo ni mchuzi wa shilingi elfu tatu na kitu, sijawahi kula sufuria ya bei hiyo nyumbani kwangu. Waini haitaki joto, haitaki kutikisika, haitaki jua. Kama huna eisi itie kwenye droo ya mboga ndani ya friji, au chini ya kitanda kwenye chumba kisichopigwa na jua na uinywe haraka, usiiwekee harusi ya mtoto.

Chupa ya pili nikaichukua kwa Dottore siku ileile ya kuinywa, Jumapili, nikaifunga kwa kanga iliyolowa nikapanda nayo tuktuk, kisha friji dakika arobaini. Nyuzi kama 14 hivi naamini, sina kipimo, nimeshika chupa tu, inatakiwa iwe baridi ya mtungi si baridi ya friza. Mtu wa pwani anajua tofauti ya hizo mbili. Tukakaa uani si barazani, jirani zetu upande huu na huu ni Waislamu na ni watu wema, hakuna haja ya kumpitishia mtu chupa puani.

Tulikuwa mimi, mama watoto, mjomba, na shemeji yangu mdogo wa mke wangu ambaye habari yake inakuja.

Harufu ndo ya kwanza kukushika. Stroberi. Ntakwambia ukweli stroberi mimi naijua kwenye gelato tu, ile aiskrimu ya Waitaliano, lakini ukweli ni kwamba ile gelato ina sukari na hii haina, ni kama mtu amekatakata zile tunda mbichi mezani akazirushia pilipili manga ya kutwangwa hapohapo kwenye kinu. Pilipili manga si utani. Mke wangu ambaye hajui lolote la waini na hataki kujua, alinusa akasema "nani ametwanga pilipili?" Sikuwa nimemwambia kitu. Na ndivyo hii zabibu inavyojulikana kwao, kwa hilo la pilipili ndo inasifika. Nyuma yake kuna kitu cha maua, kama marashi ya waridi chumba kikishafagiliwa, si kali, ukitafuta unaipata, usipotafuta inapita.

Mdomoni ni nyepesi. Nasema nyepesi, sisemi maji, na hapa ndo mjomba alikosea. Kuna uchachu wa ukwaju unaokufanya utake chakula, kuna ukakasi lakini ni wa bibo lililoiva, lile jekundu unalonyonya njiani ukitoka shule, unakugusa ulimi unaondoka. Alafu ukimeza ile pilipili inarudi tena nyuma ya koo inakaa. Mjomba alikunywa, akanyamaza, akanywa tena. Akasema "imerudi." Nini imerudi mjomba? "Pilipili." Hiyo ndo rivyu yake yote, mie naandika kurasa mtu mzima anamaliza na neno moja.

Jambo jingine mjomba aligundua aliposimama. Lebo inasema asilimia 14. Kwenye ulimi hiyo 14 huisikii kabisa, inakuja kwenye magoti. Tembo fresh la asubuhi haifiki hata nusu ya hapo, kwa hivo wewe uliyezoea kupiga kata baada ya kata pale mangweni, hii usiipige hivo. Rangi isikudanganye.

Chakula. Tulikuwa na mishkaki, pweza wa kukaanga, na samaki wa kupaka na wali, mama watoto alikuwa amejimwaga. Mishkaki na hii waini zimezaliwa tumbo moja, ule moshi wa mkaa na ile pilipili zinaongea. Pweza pia sawa. Wa kupaka ndo alinishangaza manake vitabu vyote vinakwambia samaki na nyeupe, nyama na nyekundu, na mimi nimeisema hiyo sentensi kwa wateja mpaka ulimi umeota sugu. Lakini tui la nazi lenye ukwaju na ndimu lililoungulia kidogo kwenye makaa, ukifuatisha funda ya hii nyekundu ikiwa baridi, inapita kama imesomewa. Alafu nikakumbuka, kule Piemonte wana chakula chao maarufu cha nyama ya ndama iliyokatwa nyembamba ikapakwa sosi ya jodari, vitello tonnato, tunauza hata sisi kazini, na Dottore aliniambia Pelaverga ndo anayoipenda nayo. Nyama imepakwa samaki! Sasa mtu wa jodari atashindwaje na samaki wa kupaka.

Kilichoishinda: achari ya ndimu, na pilipili kichaa. Usijaribu. Pilipili mbichi na asilimia 14 ni petroli na kiberiti, unasikia moto tu mdomoni na matunda yote yanakimbia. Shemeji alikuwa amejipakulia pilipili ya kutosha kama kawaida yake, akasema waini inamchoma na haina sukari, akaenda dukani akarudi na soda nyeupe akaimimina ndani. Ndani ya glasi ya Burlotto. Barafu juu. Nilitaka kulia lakini mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Na mimi kumtetea kidogo shemeji, wengi wetu hapa tukisikia waini tunataka tamu, na hii ni kavu kabisa, haina hata chembe ya sukari ya kukubembeleza. Kama wewe ni mtu wa tamu, hela yako kanunue kitu kingine, sitakudanganya.

Sasa habari ya hii familia, ambayo ndo iliyonifanya nianze kuandika.

Walianza 1850, mzee mwenyewe Giovan Battista Burlotto, hiyo G.B. ndo yeye na Comm. ni cheo alichopewa, Commendatore. Alikuwa katika wale wa mwanzo mwanzo kuuza Barolo kwenye chupa zenye jina lake wakati wengine bado wanauza kwa mapipa na madumu. Alikuwa akipeleka waini mpaka nyumba ya kifalme ya Savoia. Na hii ndo niliipenda zaidi, 1899 mwana mmoja wa ukoo huohuo wa kifalme, Duke wa Abruzzi, alifunga safari ya kwenda ncha ya kaskazini ya dunia na meli, na waini waliyobeba ilikuwa ya Burlotto. Fikiria. Waini ya nyumba hiyohiyo imeenda kwenye barafu ambako hata mate yanaganda, na imekuja Muyeye kwenye bati imevaa soksi.

Leo anayetengeneza ni Fabio Alessandria, kizazi cha tano, jina Alessandria ni la baba na Burlotto ni kwa mamake, yani kijana anaendesha mali ya ujombani. Kwa sisi Wagiriama hilo lingeleta kikao cha siku tatu chini ya mwembe, kwao naona limepita salama.

Hawa ndo wenye ile Barolo ya shamba la Monvigliero ambayo wakubwa wa waini duniani wanaipigania, na bado wanaikanyaga kwa miguu. Miguu ya watu. Zabibu zinatiwa na vikonyo vyake, watu wanaingia wanakanyaga, kisha inakaa na maganda kama miezi miwili, kisha mapipa makubwa ya mti ya zamani. Nilipomwambia mjomba haya akaweka glasi chini. Ikabidi nimtulize kwamba ninayoijua ya miguu ni ile Barolo yao, si hii, na kisha nikamuuliza, mjomba, wewe tangu lini umeanza kuogopa? Tembo unalokunywa unalichuja nyuki na nzi kwa mrija, umeshawahi kumuuliza nyuki kama alinawa? Akaichukua glasi.

Na hii zabibu yenyewe ya Pelaverga ni ya palepale. Hii aina yake ndogo, inayoitwa piccolo, inapandwa Verduno na vipande vya vijiji viwili jirani, La Morra na Roddi, hapo ndo sheria yao inaruhusu jina hilo kuandikwa, tangu 1995. Ukienda mbali kidogo tu hakuna. Kuna hadithi kwamba aliyeileta mbegu ni padri mmoja mzaliwa wa Verduno, Sebastiano Valfrè, kutoka Saluzzo huko, karne ya 18 inaanza, mimi naichukua kama tunavyochukua hadithi za nani alipanda mwembe gani. Hadithi nyingine, na hii Dottore aliniambia kwa kunong'ona ingawa tulikuwa wawili tu, ni kwamba wazee wa huko wanaamini hii waini inaamsha mambo ya chumbani. Nikamwambia Dottore sisi hapa tuna supu ya pweza kwa kazi hiyo, na tulikuwa na pweza mezani, kwa hivo kama kuna kitu kilitokea baadaye sitajua nimshukuru nani.

Sasa babu. Babu alikuwa akiichukia ile methali ya mgema. Alikuwa akisema aliyeitunga hajawahi kupanda mnazi. Kwamba mgema anayetia maji ni mchuuzi, si mgema, manake mgema mwenyewe anajua mti kwa mti, huu unatoa tamu, huu unatoa chapwa, huu umechoka uache upumzike, na lile karara unalikata wembamba wa ukucha asubuhi na jioni, ukikata nene umeua panda, ukikata kidogo tembo halishuki. Lake liliuzwa chini ya mti, watu wanakuja na madumu, likiisha limeisha. Hakuwahi kuwa na minazi mingi. Walikuja watu wa mjini wakataka awaletee madumu ishirini kwa siku, akawaambia minazi yangu haina ishirini. Wakamwona mjinga. Mjomba ambaye ni mtoto wake ndo aliyerithi hiyo minazi na ndo maana neno lake la "mgema kasifiwa" halikuwa neno la mtu baki, lilikuwa la mtu wa kazi.

Na ninachokiona kwenye hii chupa ni kitu hicho. Kuna mtu angeweza kuing'oa Pelaverga yote akapanda Nebbiolo, ile ya Barolo, ardhi ni ileile na chupa ya Barolo bei yake ni mara mbili tatu na zaidi. Hawakuing'oa. Na wakishaitengeneza hawaipaki rangi wala hawaitii ladha ya mbao iwe nzito kama za wengine ili mtu kama mjomba asiicheke, wameiacha nyembamba ilivyo. Inahitaji kiburi fulani hiyo, kumpa mtu glasi unayojua ataiona kama maji, ukakaa kimya ungoje ameze.

Bei: kule kwao ni kama yuro ishirini na kitu, hapo ndo nilipata hesabu ya ule mchuzi. Hapa Malindi dukani sijaiona, na zile nyekundu za Italia zinazofika hapa kwa meli, ukishaongeza kodi na mgongo wa muuzaji zinakuwa mara mbili au zaidi. Kwa hivo njia ni hiyo ya begi. Kama una mteja au rafiki anakuja, mwambie lita mbili ndo ruhusa yake na aifunge kwa soksi. Asiitafute kwa Burlotto tu, kuna majirani zao palepale Verduno wanatengeneza Pelaverga pia, Fratelli Alessandria na Castello di Verduno, majina hayo unaweza kumwandikia kwenye simu. Na kama umekosa zote na unataka tu nyekundu ya kuwekwa friji, muulize muuzaji Grignolino, hiyo nayo ni ya Piemonte, au Frappato ya Sicilia, au Schiava ya kule milimani mpakani na Austria. Zote ni nyepesi rangi. Muuzaji akikuangalia vibaya kwa kuweka nyekundu kwenye friji, mwache.

Malalamiko yangu mawili. La kwanza, baada ya kufunguliwa haingoji. Ile kidogo iliyobaki chini ya chupa tuliitia friji na kizibo chake, kesho jioni ile stroberi ilikuwa imeshaondoka imebaki pilipili peke yake imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Imalizeni siku hiyohiyo. La pili ni kwamba ni ya watu wachache na muda mfupi, sote wanne tulimaliza glasi mojamoja na nusu na mjomba akaanza kuitazama chupa kwa pembe ya jicho, akaishia kuagiza mtu aende mangweni. Lililoletwa lilikuwa kali, la jana, akalinywa akakunja uso akasema wamelitia maji.

Nyota naipa nne na nusu. Ile nusu nimeikata si kwa sababu ya waini, ni kwa sababu ya ile chupa ya kwanza, na najua si haki lakini nyota ni zangu.

Dottore nimemtumia meseji kwamba Desemba alete mbili tena, akanijibu anauliza ya kwanza ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa nzuri sana na nyama. Chupa tupu mama watoto ameshaitia siki ya mnazi, anasema kizibo chake kinabana kuliko vya madukani.